Sanduku Linavumilia Mtani Mmoja Tu

Nurdini Abbasi,
Karani, Majidi Picha na Video,
Cheyo, Tabora.

Kwa Mzee Wilbroad,
Mwenyekiti wa Watani wa Kigogo,
Isevya, Tabora.

Mzee wangu Wilbroad, shikamoo.

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango, uvae miwani yako mwenyewe, na usisome kwa sauti. Nasema miwani yako mwenyewe kwa sababu nimesikia kwamba wewe na Dionis huazimana miwani, na Dionis ndiye ninayemshtaki. Kila neno lililomo humu ni siri. Mwajiri wangu, Mzee Majidi, hajui kwamba nakuandikia. Mkewe hajui. Fundi viatu anayekaa nje ya ofisi yetu, ambaye kwa kawaida hujua kila kitu, nimemwambia kwamba naandika barua ya kuomba kazi kwingine, na tangu hapo ananitazama kwa huruma.

YAH: OMBI LA SANDUKU LA DISKI KUPEWA KABILA LISILO NA WATANI

Sanduku ninalolisemea ni jeusi, ukubwa wake ni kama mkate mkubwa wa dukani. Lina vyumba vinne, na katika kila chumba mna diski moja ya kutunzia picha. Tulilinunua kwa Parvez, yule mwenye duka la vifaa vya umeme pale mjini. Ndani yake zimo harusi, mahafali, vipaimara na maulidi ya watu wa Tabora tangu Mzee Majidi aliposhika kamera, pamoja na video moja ambayo ndiyo inayoninyima usingizi. Ni video ya marehemu Bi Mwanne, mama mzazi wa Mzee Majidi, akiwa amekaa kibarazani kwake.

Hakuna video nyingine ya Bi Mwanne duniani. Huyu ni mama wa mpiga picha, na maisha yake yote alikataa kupigwa picha. Mwaka jana tu ndipo mjukuu wake, Hafsa, alipomsihi akakubali. Hafsa aliniletea video hiyo, nikaiweka ndani ya sanduku bila kuitazama, maana niliona si adabu karani kumtazama mama wa mwajiri wake kabla ya mwenye mama. Mzee Majidi naye hakuitazama. Alisema ataitazama siku mama akiwa amesafiri na yeye amemkumbuka. Sasa mama amesafiri safari isiyo na kurudi. Arobaini yake ni Jumamosi hii. Baada ya dua na chakula, ukoo wote utakaa uani kumwona na kumsikia Bi Mwanne akizungumza. Walioalikwa wanatoka hadi Urambo na Nzega.

Nami, Mzee wangu, diski mbili sina.

Naomba nieleze kwa kifupi jinsi nilivyolilinda sanduku hili, ili ujue kwamba sikuzembea. Mzee Majidi ana mazoea ya kubonyeza. Akiona kitu kwenye kioo cha kompyuta anakibonyeza, na kompyuta ikimuuliza kama ana uhakika, anajibu kwamba ana uhakika. Harusi mbili tulizipoteza kwa njia hiyo. Kwa hiyo ndani ya kompyuta ya ofisi nilitengeneza kompyuta nyingine isiyo na mwili, ambayo wataalamu wanaiita mashine pepe. Kisha nikalipitisha lile sanduku moja kwa moja hadi kwenye mashine pepe. Waya umechomekwa kwenye kompyuta ya nje, lakini kompyuta hiyo ya nje hailioni sanduku wala haina ruhusa ya kuligusa. Ni kama mzigo unaopita stesheni yetu katika behewa lililofungwa kwa lakiri: umepita Tabora, lakini mtu wa Tabora hajui ndani kulikuwa na nini.

Diski zenyewe nimeziunganisha zishikane kama ndugu. Ikiondoka moja, tatu zinazobaki zinakumbuka kwa pamoja kilichokuwamo ndani ya mwenzao, na hakuna kinachopotea. Zikiondoka mbili, kila kitu kimekwenda. Nakuomba uishike sentensi hiyo unaposoma malalamiko yangu.

1. Namlalamikia kwanza Dionis, mstaafu wa reli na mtani wetu. Sina neno na kazi aliyoifanya msibani. Alivaa kanga ya marehemu, akashika mkongojo wake, akapita kati ya waombolezaji akiongea kwa sauti ya Bi Mwanne mwenyewe: "Umekula? Mbona umekonda, mkeo amesafiri?" Watu waliokuwa wakilia walicheka, na Mzee Majidi alicheka hadi akashika nguzo ya turubai. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na mnaijua.

Lakini ofisi yetu ni chumba cha mbele cha nyumba ya Mzee Majidi, na watani walikaribishwa humo wanywe chai. Dionis akasikia feni ya sanduku. "Huyu nani ananung'unika peke yake pembeni wakati wenzake wanalia?" akauliza. Nikamwambia samahani Mzee, hilo ni sanduku, limemhifadhi marehemu. "Kumbe ni mfiwa," akasema. "Mfiwa gani hatoi chozi?" Hapo hapo akavuta diski ya pili ikatoka, na sanduku likaanza kulia pii, pii, pii. "Eeh," akasema, "sasa limelia kama mtu aliyelelewa." Akaitia diski mfukoni mwa shati, akamalizia chai yake.

2. Nilipomwomba anirudishie, nilifanya kosa la kumweleza. Nilidhani mtu wa reli atanielewa. Nikamwambia kwamba sanduku hili linapita ndani ya kompyuta ya nje bila kusimama, bila kuulizwa, hadi kwenye mashine pepe. Dionis akaweka kikombe chini. "Linapita bila kusimama?" Nikasema ndiyo. "Bila kumlipa mwenye nyumba kitu chochote?" Nikasema ndiyo, ndiyo maana halisi ya kupitisha moja kwa moja. Akawageukia wenzake: "Mmesikia? Babu zake Wanyamwezi wakitoka hapa kwenda pwani na meno ya tembo walikuwa wanasimama Ugogo, wanalipa hongo ya kupita, ndipo wanapewa maji. Huyu mjukuu wao amegundua njia ya kupita bure! Hii diski nimeikamata kwa sheria."

Nalalamika, Mzee wangu, kwamba misafara imekwisha. Reli imejengwa, na Dionis mwenyewe alikuwa anaifanyia kazi. Haiwezekani mtu alipwe pensheni ya treni na bado atoze hongo ya wapagazi.

3. Kuhusu kiasi cha hongo. Mwanzo alitaka jogoo. Nikasema samahani, jogoo sina. Akasema basi, jogoo na chumvi. Nikasema samahani sana. Akasema jogoo, chumvi, na mimi nimbebe mgongoni kutoka kwake Isevya hadi Cheyo, "maana mabega ya Kinyamwezi yamekaa bure tangu treni ije." Mama yangu ndiye aliyenifafanulia baadaye kwamba mtani haombwi radhi, mtani anatukanwa, na kila samahani ni kama kuongeza kuni. Lakini mimi nimesoma shule ya bweni. Samahani inanitoka kama pumzi. Siku iliyofuata nilijaribu kufuata mila: nilimnyang'anya Dionis kofia. Akanitazama. Nikamrudishia, nikaipangusa vumbi, na nikamwomba radhi.

4. Wakati najadiliana na Dionis, sanduku lilikuwa bado zima. Lilikuwa linalia, lakini lilikuwa zima, na Bi Mwanne alikuwamo. Hapo ndipo alipoingia Mama Erasmus, jirani yako, mwenye genge la mboga. Akaona diski mfukoni mwa Dionis. "Yaani huyu amepata, na mimi nirudi nyumbani mikono mitupu kama nimetoka kliniki?" Nikapiga magoti, Mzee wangu. Nikamwambia mama, tafadhali, sanduku linavumilia mtani mmoja tu. Akasema, "Ubaguzi huo." Akavuta diski ya tatu.

Sanduku liliacha kulia. Sijawahi kusikia kimya cha namna ile.

5. Sanduku hili lina kasoro moja ambayo Parvez hakuniambia: diski zote nne linazitaja kwa jina moja, kama baba aliyezaa watoto wanne wote akawaita Majidi. Kwa sababu hiyo nilibandika karatasi juu ya kila diski, Diski ya Kwanza hadi Diski ya Nne, kwa mwandiko wangu mzuri. Mama Erasmus aliibandua karatasi ya diski aliyoichukua. Nilipompelekea Dionis jogoo kwa kujinyima, Mama Erasmus naye alikuwapo, na akambandika jogoo karatasi hiyo mgongoni. Huyo jogoo sasa anatembea Isevya akiwa Diski ya Tatu, na watoto wanamwita hivyo, na anaitika. Ile diski ya tatu yenyewe iko mahali fulani bila jina. Dionis alipokea jogoo na chumvi, akasema hongo bado haijatimia, kwa kuwa hajabebwa.

6. Hili la sita linanikondesha. Kila asubuhi Mzee Majidi anapita ofisini na kuniuliza, "Nurdini mwanangu, mama yupo?" Nami namwonyesha kioo cha kompyuta ya nje. Hakuna alama nyekundu, hakuna onyo, kila kitu kiko sawa. Na kweli kiko sawa, maana kompyuta ya nje haikuwahi kujua kwamba kuna sanduku. Nilijenga ukuta ili Mzee asione, na sasa haoni. Anatabasamu, ananiambia, "Allah akulipe, wewe ndiye umemtunza mama kuliko sisi watoto wake." Anakwenda zake, nami nakaa chini ya meza mpaka moyo utulie.

Kwa kuwa hali ndiyo hiyo, naleta maombi yafuatayo kwa uongozi wako.

Kwanza, iwekwe zamu ya watani. Aje mmoja, achukue diski moja, airudishe, kisha sanduku liachwe lijijenge upya mchana na usiku bila kusumbuliwa, ndipo aje mwingine. Hii si dharau kwa utani. Ni hesabu ya diski nne.

Pili, kama zamu haikubaliki, sanduku litambuliwe kwamba si mfiwa. Halikushiriki kaburini, halikukaa tanga, na chozi lake lilitokana na kuchomolewa diski, si majonzi.

Tatu, kama ni lazima liwe mfiwa, basi lipewe kabila lisilo na watani. Nimelifikiria jambo hili kwa makini. Unyamwezi haufai, kwa sababu zilizotajwa. Usukuma haufai, Wasukuma nao mnawatania. Nilimpendekezea Dionis kwamba, kwa kuwa Parvez anasema sanduku limetengenezwa China, lihesabiwe kuwa Mchina. Dionis akanijibu kwamba kaka yake alijenga reli ya Uhuru bega kwa bega na Wachina, walikula chungu kimoja, na utani wao ni mkubwa kuliko wetu. Kwa hiyo sanduku likiwa Mnyamwezi analidai Dionis, na likiwa Mchina analidai Dionis pamoja na kaka yake. Naomba kamati yako ilitafutie kabila la mbali, dogo, lenye watu wasiopenda mzaha.

Nne, kama kabila la namna hiyo halipo Tanzania, naomba mimi mwenyewe nisimamishwe Unyamwezi kuanzia leo hadi Jumapili asubuhi. Nitaurudisha ukiwa safi. Katika muda huo nitakuwa mtu wa kawaida tu asiye na mtani, na Dionis atalazimika kunirudishia diski kama anavyomrudishia mgeni.

Tano, iwapo yote yameshindikana, naomba barua kutoka kwako, yenye muhuri, ya kumweleza Mzee Majidi kwamba mama yake amekamatwa kihalali Ugogo na atavuka pindi hongo itakapotimia. Sitaki kumwambia kwa mdomo wangu. Najua atanisamehe, na hilo ndilo silitaki. Ameshaazima viti. Shemeji yake ameleta kioo kikubwa cha kuonyeshea video kutoka kanisa la jirani. Mtu amejiandaa kumsikia mama yake akisema neno moja, hata kama ni kumgombeza, na aliyelipoteza neno hilo ni mimi.

Nafahamu pia kwamba barua ya Mnyamwezi kwenda kwa Mgogo haina uzito wa kimila bila tusi. Kwa hiyo, kwa heshima zote, naweka tusi hapa: wewe Mzee Wilbroad unakula mlenda hata siku ya Krismasi, na mlenda wenyewe unakushinda. Samahani.

Nisalimie mkeo na wajukuu. Nisalimie wote wa Isevya, akiwamo Mama Erasmus ukimkuta na moyo mzuri. Nisalimie yule jogoo.

Ukitaka kunijibu, usipige simu, maana simu yangu inaita kwa sauti na Mzee Majidi huipokea. Usije mlango wa mbele. Njoo kwa uchochoro wa nyuma wakati wa adhuhuri Mzee akiwa msikitini, ugonge dirisha la jikoni, na ukiulizwa useme umeleta asali. Ukiweza, njoo kweli na asali, nisije nikawa nimekufanya mwongo.

Wako mnyenyekevu, kwa sasa bado Mnyamwezi,

Nurdini Abbasi
Karani

N.B.

Mzee wangu Wilbroad, nilikuwa nimeshalamba bahasha, imebidi niifungue tena. Tafadhali usiyatekeleze maombi yangu, hasa la nne.

Fundi viatu amemwambia Mzee Majidi kwamba natafuta kazi kwingine. Mzee amekuja ofisini amevua kofia, akaniuliza nimekosewa nini. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, hadi kwenye jogoo. Akatoka nje, akakuta Dionis na Mama Erasmus wanapita barabarani na kapu, akaita mtaa mzima ukasikia: "Nyie Wagogo wala mlenda! Nirudishieni mama yangu, mmempeleka wapi?" Dionis akajibu, "Mama yako tumemlisha vizuri kuliko ulivyomlisha wewe!" Wakaingia wote wakicheka. Diski zilikuwa ndani ya kapu, zimefungwa kwa kanga kavu, na Mama Erasmus amezifunga kama anayembeba mtoto.

Nilizirudisha bila kujua ipi ni ipi. Kumbe kila diski imeandikwa ndani yake nafasi yake, haihitaji karatasi yangu. Nililazimika kuliamuru sanduku liwaamini wale ndugu wawili waliorudi. Likafikiri. Likawaka. Harusi zote zipo. Bi Mwanne yupo.

Mzee Majidi akasema hawezi kungoja Jumamosi. Tukafungua.

Hafsa aliweka kamera kwenye stendi, akaiwasha, akaenda jikoni ili bibi awe huru. Bi Mwanne amekaa kibarazani. Anaitazama kamera. Anarekebisha kanga, ananyoosha mgongo, anainua kidevu kama mtu mzima anayengoja kusalimiwa na mdogo. Kamera haisemi shikamoo. Bi Mwanne anangoja. Anaipa kamera nafasi, na tena nafasi nyingine. Mwisho anageuza uso upande wa uani, anasonya, na video inakwisha.

Basi ndivyo ilivyo, Mzee wangu. Diski nne, mashine pepe, sanduku lililopitishwa moja kwa moja, na jogoo mzima, vyote kwa ajili ya kulinda sonyo moja.

Nilikuwa nafungua mdomo niseme samahani. Mzee Majidi akainua mkono. "Rudisha mwanzo," akaniambia. Nikarudisha. Mama yake akanyoosha mgongo, akainua kidevu. Na Mzee Majidi, mwenye mvi, akainama mbele ya kioo akasema, "Shikamoo mama."

Nyuma yetu, karibu na mlango, bila kucheka, Dionis akajibu kwa sauti ile ile: "Marahaba. Umekula?"

"Bado, mama," akasema Mzee Majidi.

Kwa hiyo naomba, na Mzee Majidi anaomba pamoja nami, Jumamosi mje watani wote, bila zamu, bila taarifa, na Dionis akae karibu kabisa na kioo. Video haina maana bila yeye. Sanduku likae kabila lake lile lile. Nimewaandalia diski mbili mbovu mezani za kukamata, hizo zisipowatosha, kamateni mnachotaka, ila ile ya Bi Mwanne nimeshaitolea nakala.

Maelekezo ya mwanzo ya kunipata yamefutwa. Njoo mlango wa mbele, tena kwa kelele. Kama hukunikuta ofisini, shika barabara ya kutoka Isevya, utaniona mbele ya watoto wanaoshangilia na jogoo mwenye karatasi mgongoni. Nitakuwa nakwenda polepole. Nimembeba Dionis, na anakataa kushuka kabla ya Cheyo.